Nilijikuta Nimelala

Leo sileti shairi nikitaka mlipime mizani na vina. Mizani yake ilikuwa kamili na vina vyake havikupinda popote. Naleta maungamo. Mwaka 1988 nilitunga shairi la beti saba kuhusu ajali iliyotupata mimi na wanafunzi wangu katika barabara ya Handeni kwenda Korogwe. Shairi hilo lilibandikwa ubaoni, likasomwa kwenye mahafali, likakaririwa na vijana ambao leo ni watu wazima wenye watoto wao. Ilinichukua miaka 30 kujua kwamba lilisema uongo, na kwamba uongo huo kuna mtu aliyeulipia.

Nianze na siku yenyewe, kama nilivyoisimulia kwa miaka yote hiyo.

Ilikuwa mwaka 1987. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Handeni, mwaka wa tano tangu nimalize chuo cha ualimu mjini Korogwe, na kwa kuwa nilikuwa kijana nilikabidhiwa pia michezo. Tulikuwa tukienda Korogwe kushindana na shule nyingine. Barabara ile, ambayo leo ni lami ya kilomita 65, wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Tulipanda lori la wazi la kukodi. Wanafunzi 30 na ushei walisimama bega kwa bega, nami nilisimama mbele kabisa, nyuma ya kichwa cha lori, nimeshika bomba la chuma.

Vijana waliimba. Aliyewahi kusafiri na wanamichezo wa shule anajua kwamba lori lao haliendi kwa dizeli peke yake. Tulikuwa na mvulana mmoja wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu. Ili awaone wenzake alisimama karibu yangu, ameipa njia mgongo, uso umewaelekea wao, na mkono wa kushoto ameunyoosha juu akiyafuata mapigo ya wimbo.

Tulipokwisha kuipita Sindeni tulianza kushuka mteremko unaoishia kwenye korongo. Breki zikakataa. Chini kulikuwa na daraja jembamba, na dereva, ambaye naamini hadi leo kwamba alituokoa, hakujaribu kulivuka. Aliliingiza lori porini upande wa kushoto, likafuata njia ya ng'ombe, likapita chini ya mwembe mkubwa wenye tawi lililotanda juu ya njia hiyo, likaingia shambani, likayalaza mahindi ya watu, likasimama. Tulilala sakafuni, tawi likapita juu yetu. Mmoja tu hakulala. Tawi lilimpata mwimbishaji wetu kwenye mkono ule alioukuwa ameunyoosha, karibu na kiwiko, likamwangusha juu ya wenzake. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Alitibiwa, akapona, lakini mkono haukunyooka tena sawasawa.

Mwaka uliofuata nikatunga shairi. Ubeti wake wa tatu, uliopendwa kuliko yote, ulikuwa huu:

Gari lilipoteleza, sikuihofu hatari,
Fikira nikazikaza, nikaipima safari,
Tawi nikalichunguza, moyo ukiwa tayari,
"Lala!" nikawahimiza, nikawa wao amiri.

Hivyo ndivyo nilivyokumbuka. Niliona tawi, nikapima kati ya kuruka na kulala, nikachagua kulala, nikatoa amri, wanafunzi wakatii. Sikuwa nikijisifu kwa makusudi. Kama mngeniapisha kwa msahafu ningeapa. Picha ya tukio ilikuwa kichwani mwangu, safi, ina mpangilio kama andalio la somo: kwanza hiki, kisha hiki, mwisho hiki.

Mwaka 2018, mwaka niliostaafu, nilialikwa kusoma shairi hilo kwenye mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya Korogwe. Nililisoma, watu wakapiga makofi. Baadaye, wakati wa chakula, mama mmoja wa makamo alinijia na sahani yake mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nikumbushe."

Alinikumbusha. Alikuwa mmoja wa wasichana wa timu ya netiboli waliokuwa ndani ya lori lile; sasa ni muuguzi. Tulicheka, tukahesabu waliotangulia mbele ya haki. Kisha akainamisha macho kama anavyofanya mwanafunzi mwenye swali asilopenda kuliuliza.

"Mwalimu, nisamehe. Shairi ni zuri, lakini siku ile hukutuambia tulale."

Nikamwambia nilisema, tena kwa sauti.

"Ulisema, Mwalimu, ila tawi lilikuwa limekwisha kupita. Ulilala wewe kwanza. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, kwa sababu nilikuwa naogopa. Nikakuona umepotea, nami nikaenda chini. Wenzangu nao wakaona tunaanguka, wakaanguka. Tulipokuwa tumelaliana pale chini ndipo uliposema, 'Lala! Lala!' Mimi na wenzangu tuliwahi kulicheka jambo hilo bwenini, maana tulikuwa tumelala tayari."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilijiambia kwamba amesahau, kwamba alikuwa mtoto, kwamba hofu humvuruga mtu kumbukumbu. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba hoja zote hizo zilinihusu mimi vilevile.

Basi nikaenda Handeni kumtafuta mwimbishaji. Nilijua alipo, ana mashine ya kusaga unga, na watu wa huko wanamfahamu. Nilimkuta ameketi nje ya mashine, nywele na nyusi nyeupe kwa unga, nikashindwa kujua ni unga kiasi gani na ni mvi kiasi gani. Aliinuka, akanipa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukabaki umekunjika kidogo ubavuni. Tuliulizana hali, tukaombeana kheri, tukaletewa chai. Nikamuuliza kama alinisikia siku ile nikisema "Lala".

Alinyamaza muda mrefu.

"Sikusikia, Mwalimu. Nilikuwa naimba."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia wimbo umekatika. Nikaona wenzangu wote wameanguka mbele yangu, nikashangaa. Basi." Akanywa chai. "Lakini wewe uliandika kwamba ulisema. Shairi likabandikwa. Walikuwa wananiita Hasikii, unakumbuka? Mpaka namaliza kidato cha nne naitwa Hasikii. Na mimi nikaamini kwamba Mwalimu alisema lala, wote wakasikia, ila mimi, kwa kupenda kuimba, sikusikia. Nimewausia watoto wangu hivyo: mkubwa akisema, acheni kuimba msikilize."

Hakuyasema hayo kwa hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika.

Jina hilo la utani nilikuwa nimelisikia zamani na sikuwahi kuuliza lilitoka wapi. Lilitoka kwenye ubeti wangu wa tatu. Ikiwa amiri alitoa amri na wote wakatii wakapona, basi aliyeumia ni yule ambaye hakutii. Sikuliandika neno hilo, lakini kila aliyesoma alilipata. Shairi lilikuwa limenipa mimi uamiri, nalo likampa kijana wa miaka 17 hatia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: iliwezekanaje nikakumbuka fikra ambazo sikuwa nazo?

Nilianza na hesabu ndogo ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza angeifanya. Tuseme lori lilikuwa likienda kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni takriban mita 14 kwa sekunde. Kutoka pale tulipoiacha barabara hadi chini ya mwembe hapakuzidi mita 20 au 30, yaani sekunde moja na nusu au mbili. Kisha nikachukua saa, nikausoma ubeti wangu wa tatu kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida wa kughani. Ulichukua sekunde 15. Kwa sekunde 15 lori lile lingekuwa limekwenda mita 200 na zaidi. Nililoliandika kuwa nililifikiri chini ya mwembe lisingeweza hata kutamkwa kabla ya sote kuwa ng'ambo ya shamba.

Wachunguzi wa mbio wanalijua jambo hili vizuri. Katika mbio fupi za kimataifa, mkimbiaji akiondoka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita tangu mlio wa bunduki, huhesabiwa kuwa ametangulia, hata kama mlio ulikuwa umekwisha kulia, kwa sababu inachukuliwa kwamba mwili wa binadamu hauwezi kusikia na kujibu kwa muda mfupi kuliko huo. Na hapo mkimbiaji yuko tayari, anasubiri jambo moja tu. Asiyesubiri chochote, anayepigwa na jambo asilolijua, huhitaji muda mkubwa zaidi, na dereva huweza kutumia sekunde nzima au zaidi kabla mguu wake haujafika kwenye breki.

Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Benjamin Libet, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio ambayo yangali yakibishaniwa. Waliwaomba watu wakunje mkono wakati wowote wapendao na waseme ni lini hasa walihisi kwamba wanataka kuukunja. Ikaonekana kwamba ubongo ulikuwa umeanza maandalizi takriban theluthi moja ya sekunde kabla ya mtu kuhisi kwamba ametaka. Wapo wanaosema, nao wana hoja nzito, kwamba mawimbi yale ya ubongo hayana maana aliyoyapa Libet. Sina elimu ya kuwaamua. Lililo wazi kwangu ni dogo zaidi: mtu kuhisi kwamba ameamua, na mwili wake kuanza kutenda, ni mambo mawili, na si lazima la kwanza litangulie.

Wakati huohuo, katika miaka ya 1980, Mmarekani mwingine, Gary Klein, alikwenda kuwahoji makamanda wa zimamoto. Alitaka kujua wanavyolinganisha njia mbalimbali nyumba inapowaka. Wengi wao walimwambia kwamba hawalinganishi kitu. Wanaliangalia tukio, wanalitambua kuwa ni la namna waliyokwisha kuiona, na lipasalo kufanywa linawajia lenyewe. Uzoefu wa miaka ishirini ulikuwa umekwisha kufikiri kwa niaba yao.

Nilipoyasoma hayo nilitabasamu, kwa sababu niliona kwamba Kiswahili kilikuwa kimeniambia siku zote na mimi, mwalimu wa Kiswahili, sikuwa nimesikia. Hasikii alikuwa mimi.

Tazameni kitenzi hiki: kujikuta. Ninapomkuta mtu mahali, maana yake ni kwamba yeye alifika kabla yangu. Nimemkuta sokoni: alikuwa sokoni, mimi nikaja. Sasa msikilizeni yeyote aliyenusurika ajali akisimulia. Hasemi "niliamua kuruka". Husema "nilijikuta nimeruka". Nafsi imekuja baadaye, ikaukuta mwili umekwisha kufika. Ule wakati uliotimilika wa kitenzi cha pili, nimeruka, nimelala, umetimizwa kabla mwenyewe hajawasili. Hakuna mwanasarufi aliyekaa akabuni muundo huo ili kueleza ubongo. Watu waliusema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyowatokea.

Kadhalika neno kutahamaki. "Kutahamaki, nyoka yuko miguuni." Mambo yamekwisha kuwa, ndipo tunapozinduka. Halafu kuna hamadi. Ni neno analolitamka mtu anapojikwaa, au anapomwona mtoto akianguka, na hakuna aliyewahi kulipanga kabla ya kulitamka. Mdomo hulitoa wenyewe. Lakini wahenga walilichukua neno hilohilo la kujikwaa, wakalifanya akiba: hamadi iliyo kibindoni, silaha iliyo mkononi. Siku ya kujikwaa kinachokufaa ni kile ulichokwisha kukifutika. Hutaweza kurudi nyumbani kukitafuta.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali lililoniuma: mwaka 1987 kibindoni mwangu mlikuwa na nini?

Jibu nilikuwa nalo. Mwaka 1979, baada ya kidato cha sita, nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa kama wenzangu wa rika langu. Huko tulifundishwa kulala. Afande aliposema neno, ulikuwa chini kabla neno halijaisha, iwe kwenye mchanga, tope au miiba. Tulirudia asubuhi na jioni mpaka magoti yakaacha kuuliza. Lakini mimi nilikuwa kuruta. Nilifundishwa kuipokea amri ile, sikufundishwa kuitoa. Miaka minane baadaye, chini ya mwembe, mwili wangu ulinipa kile tu uliokuwa nacho. Ulilala. Kinywa hakikuwa na akiba yoyote, kikatoa neno wakati halina kazi tena.

Na chuoni je? Chuoni nilifundishwa vizuri. Nilifundishwa kuandaa azimio la kazi, kuandika malengo, kugawa dakika 40 za kipindi katika utangulizi, maarifa mapya na hitimisho. Yote hayo ni kazi ya fikra zilizotulia, nami naiheshimu hadi leo. Lakini hakuna aliyenisimamisha mbele ya darasa akaniambia: sasa moto umewaka, sema. Sijui nani angefikiria kunifundisha hivyo. Nasema tu kwamba kibindo kilikuwa kitupu upande huo.

Nawaomba msinielewe vibaya. Sijilaumu kwa kulala kwanza. Nilijilaumu kwa miezi kadhaa baada ya kutoka Handeni, nikijiita mwoga aliyejificha akaacha watoto wa watu wamesimama. Kisha nikaona kwamba hilo nalo ni shairi jingine la uongo. Mwoga huamua kukimbia. Mimi sikuamua lolote. Nikijivika uoga ninajipa tena uamuzi ambao sikuwa nao, na kujivika uoga ni sawa na kujivika uamiri, ila vazi hili ni la rangi nyeusi. Zaidi ya hayo, yule muuguzi alilala kwa sababu aliniona, na wengi walilala kwa sababu walimwona yeye. Kulala kwangu kuliwafaa. Sikuwafaa kwa hekima, niliwafaa kama ndege wa kwanza kuruka anavyowafaa kundi zima.

Hatia yangu iko kwingine. Chini ya mwembe nilikuwa na sekunde mbili. Mezani, na kalamu, nilikuwa na mwaka mzima, na baada ya hapo miaka 30. Kwa muda wote huo ningeweza kumuuliza mtu mmoja tu, "Wewe ulionaje?" Sikuuliza, kwa sababu shairi lilikuwa limekwisha kukamilika na vina vyake vilikuwa vimekubali. Malenga mnajua hali hiyo. Kina kikikubali tunadhani ukweli nao umekubali. Nilihitaji neno la kuishia na -ri; amiri likaja, likakaa vizuri, nami nikawa amiri.

Wala si mimi peke yangu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, 24 wakaokolewa, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Baadaye simulizi kuhusu mlango wa ndege ulivyofunguliwa zilitofautiana, na watu wakaanza kuulizana mitandaoni nani anasema kweli na nani mwongo. Nilipoyasoma mabishano yale sikuweza kumshutumu yeyote. Nilijua jinsi mtu anavyoweza kuwepo mahali, akatenda kwa mikono yake, na bado asiwe shahidi mzuri wa alichokitenda. Kuhusu wavuvi, lililonigusa ni kwamba walikwenda na kile kilichokuwa mikononi mwao siku zote: kasia, kamba na ujuzi wa maji. Silaha iliyo mkononi.

Kwa hiyo sisemi kwamba fikra haina thamani. Nasema wakati wake si ule tunaoudhani. Fikra hufanya kazi yake kabla, polepole, ikipanga kitu gani kifutikwe kibindoni. Na hufanya kazi tena baadaye, ikiuliza kwa unyenyekevu yaliyotokea. Katikati, pale penye mwembe, haipo. Imechelewa njiani.

Mwaka 1994 wasichana 42 walipofariki kwa moto wa bweni katika shule ya Shauritanga, Rombo, nilikuwa mwalimu wa bweni. Nilianza kuwaamsha wanafunzi usiku, bila taarifa, watoke nje gizani wakishika ukuta, wahesabiane. Walinicheka, wakanung'unika, na baadhi ya walimu wenzangu waliniona nimezidi. Sikuwa na nadharia yoyote. Nilijua tu, bila kujua nimejuaje, kwamba katika moshi hakuna mtoto atakayekaa akafikiri mlango uko upande gani. Moto haukutokea kamwe katika shule ile, nashukuru Mungu, kwa hiyo siwezi kuwaambia kama zoezi lile lingesaidia.

Nasi tulio katika fani ya ushairi tunalo zoezi letu. Aliyewahi kuhudhuria malumbano ya papo kwa papo amemwona malenga akijibiwa kwa ubeti, naye bila kunyanyua kidole kuhesabu, anarudisha ubeti wenye mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetulia. Mkimuuliza alivyofanya atawaambia, "Yalikuja." Hayakuja kutoka hewani. Yalitoka katika maelfu ya beti alizozisikia na kuzighani tangu utotoni, hata nane zikawa pumzi yake. Ulimi wake umefundishwa kama magoti yangu yalivyofundishwa jeshini. Tofauti ni kwamba yeye anajua alivyofunzwa, nami nilijidai nimewaza.

Nimelifuta shairi la 1988. Si beti zote, ila ule wa tatu sikuweza kuishi nao. Nimeandika mwingine mahali pake, na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote niliupeleka Handeni, kwenye mashine ya unga. Nilimsomea mwimbishaji wetu hivi:

Sikupata kulipima, tawi lile la njiani,
Mwili wangu ukazama, najikuta sakafuni,
Neno lilikuja nyuma, limechelewa kinywani,
Mmoja alisimama, kaumia mkononi.

Mashine ilikuwa imezimwa ili tusikilizane. Alitaka niusome mara ya pili, nikausoma. Wateja wawili waliokuwa na madebe ya mahindi walisogea kusikiliza.

"Umesema kweli, Mwalimu," alisema. "Lakini mshororo wa mwisho bado."

"Mizani?"

"Mizani iko sawa. Umesema nilisimama, nikaumia. Mtu akisoma atauliza, huyu alisimama kwa nini? Wataniita tena Hasikii." Akacheka, na kwa mara ya kwanza mbele yangu akauinua mkono ule wa kushoto, juu kadiri ulivyoweza kufika. "Sema nilikuwa naimba."

Niliomba kalamu. Alikuwa nayo moja ya kuandikia kilo za wateja. Nikaukata mshororo wa nne palepale, juu ya gunia, nikihesabu kwa vidole kama mwanafunzi, taratibu, kwa sababu safari hii hapakuwa na haraka yoyote. Sasa unasomeka hivi:

Mmoja alisimama, akiimbisha kundini.